Inchi 13 mmeificha wapi?

Jamani wenye maduka ya vyombo vya muziki, ngozi ya dramu ya inchi 13 mmeificha wapi? Hapa Mtwara kuna kwaya na bendi bado zinapiga dramu za zamani: 12, 13, 16 na besi ya 22. Ngozi ikipasuka tu, mateso yanaanza. Dukani utakuta 10, 12 na 14, kwa sababu seti nyingi za siku hizi ndivyo zilivyo. Muuzaji anakwambia, "Chukua 14, kaka, zinalingana." Zinalingana wapi? Ngozi ya 14 inapwaya, na pete ya chuma ya 13 haiwezi kuibana. Ngoma ya sindimba ikichanika, fundi anaiwamba upya hapahapa na kuikanza motoni. Sisi tuagize Dar, zaidi ya kilomita 500, ngozi ifike imekunjika chini ya mizigo ya watu!

Na vile vipira vya plastiki vya kwenye stendi ya toazi ndiyo usiseme. Vikiisha, chuma kinasugua chuma, tundu la katikati linaliwa mpaka linakuwa kama yai, halafu ufa unaanzia hapo. Toazi zima limekufa kwa kipira kidogo kuliko kidole! Leteni hivyo vitu, tutanunua.