Mhusika Arithiwe, Sura Aachiwe Mwenyewe

Oktoba 2005, Daniel Craig alipotambulishwa jijini London kuwa James Bond mpya, mashabiki walikuja juu. Nywele zake ni za dhahabu, wakasema, na Bond ana nywele nyeusi. Kimo hakitoshi. Sura imekaa kibabe mno, haina uungwana. Wapo waliofungua tovuti nzima ya kumpinga, wakahimizana kuisusia filamu ambayo hata haijatoka. Mwaka uliofuata Casino Royale ikatoka na zile kelele zikafa zenyewe. Craig alidumu na uhusika ule hadi 2021, na leo kuna vijana ambao ukiwatajia Bond hawamfikirii mtu mwingine.

Huwa naikumbuka habari hiyo kila mabishano haya yanapofufuka: je, mhusika ambaye dunia nzima inamjua kwa sura ya mtu mmoja anaweza kupewa mwigizaji mwingine? Mimi nasema anaweza, na kwa wahusika wengi nasema anapaswa. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni kumchukua mtu mpya, au kompyuta, na kumfanya awe nakala ya yule wa kwanza. Watu huyachanganya mambo haya mawili, na nadhani hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Kwanza, hizo sura tunazoziona kuwa haziguswi, nyingi zilipatikana kwa bahati tu. Ian Fleming, aliyemtunga Bond, hakupendezwa na Sean Connery alipoletewa. Yeye kichwani alikuwa na bwana wa Kiingereza wa tabaka la juu, na Connery alikuwa mtoto wa familia ya kimaskini ya Edinburgh, aliyewahi kusambaza maziwa na kunyanyua vyuma. Dr. No, filamu ya kwanza ya Connery akiwa Bond, ilipotoka mwaka 1962 Fleming akalainika, na katika riwaya aliyoitoa 1964 akampa Bond baba wa Kiskoti. Yaani mwandishi mwenyewe alimkuta mhusika wake ndani ya mtu asiyemtarajia. Indiana Jones nusura awe Tom Selleck. Mkataba wa tamthilia ya televisheni ndio uliomzuia, Harrison Ford akaingia. Katika Back to the Future, Eric Stoltz alikuwa ameshapigwa picha kwa wiki kadhaa kabla ya kuondolewa na nafasi yake kupewa Michael J. Fox. Viggo Mortensen aliitwa New Zealand kuwa Aragorn wa The Lord of the Rings wakati kazi imeshaanza na mwigizaji mwingine ameachishwa. Hao tunaowaapia kwamba hakuna kama wao walianza wakiwa mbadala wa mtu.

Jukwaani jambo hili halimsumbui yeyote. Richard Burbage ndiye anayetajwa kuwa Hamlet wa kwanza, na Shakespeare alikuwa hai kumwona. Burbage alifariki mwaka 1619. Hamlet ameendelea kuigizwa na maelfu ya watu tangu hapo, wanaume kwa wanawake, na kila kizazi kimemwona wake. Lakini utaambiwa kwamba filamu si jukwaa: maigizo ya Burbage yalipotea usiku uleule, ilhali Connery amebaki kwenye mkanda, ukitaka unamtazama kesho. Hoja hiyo ni ya kweli, ila kwangu inaelekea upande mwingine kabisa. Kwa kuwa Connery yupo pale pale, hajaguswa hata kidogo, Craig hakumpokonya kitu. Kazi ya zamani haifutiki kwa sababu mwingine amepewa jina lile. Ni jukwaani ndiko mrithi humfuta mtangulizi wake. Kwenye filamu wanakaa pamoja, na mtazamaji anafaidi wote wawili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Vito Corleone, yule bosi wa mafia. Marlon Brando alimwigiza katika The Godfather ya 1972 akiwa mzee: mashavu yamejaa, sauti inakwaruza na kutoka kwa shida, vidole vinalipapasa shavu polepole wakati mtu anamwomba roho ya mtu mwingine. Alipata Oscar ya mwigizaji bora. Miaka miwili baadaye akatakiwa kijana wa kumwigiza Vito huyohuyo kabla hajawa mzee. Hebu fikiria mzigo huo. Uhusika bado una moto, watu bado wanauiga mtaani, na wewe unaambiwa ingia. Robert De Niro alimtazama Brando kwa makini, akaenda Sicily kujifunza Kisisili, maana karibu maneno yake yote kwenye filamu yako katika lugha hiyo. Kisha akafanya jambo ambalo linanishangaza kila ninapoitazama upya: akamnyamazisha. Vito wake anasikiliza zaidi ya anavyosema. Anasimama pembeni ya chumba, anapima watu kwa macho. Ule mkwaruzo wa sauti upo, lakini kwa mbali, kama dalili ya ugonjwa utakaokuja baadaye. Humwoni Brando hata mara moja, ila unaamini kwamba mtu huyu akizeeka atakuwa yule. De Niro naye akapata Oscar, ya mwigizaji msaidizi. Uhusika mmoja, watu wawili, tuzo mbili. Joker, adui wa Batman, naye amefika hapo: Heath Ledger alitunukiwa mwaka 2009 akiwa ameshafariki, Joaquin Phoenix mwaka 2020, na ukiwaweka pamoja hawana wanachofanana isipokuwa rangi za usoni na cheko la kutisha, na hata cheko lenyewe kila mmoja ana lake.

Sasa mwangalie George Lazenby, ambaye alitakiwa afanye kinyume cha De Niro. Alikuwa mwanamitindo kutoka Australia asiye na uzoefu wa kuigiza filamu. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba ili apate nafasi ya Bond alikwenda kwa kinyozi wa Connery na kuvaa suti iliyoshonwa na fundi wa Connery. Akafanikiwa. Halafu filamu yenyewe, ya mwaka 1969, ikaanza kwa kumwomba radhi mtazamaji: mwanamke anamkimbia, naye anasema kwamba mwenzake wa awali hajawahi kukutwa na jambo hilo. Mimi naona filamu ile ni nzuri kuliko sifa zake, na Lazenby ana dakika za mwisho zenye uchungu wa kweli. Lakini alitumwa kujaza suti ya mtu mwingine, na baada ya filamu hiyo moja akaondoka, Connery akarudishwa mwaka 1971. Aliyemfuata, Roger Moore, hakujisumbua kumfuata Connery. Alileta utani, nyusi ya kuinua, wepesi wake mwenyewe, akadumu kwa filamu saba.

Craig yeye alikwenda mbali zaidi. Casino Royale inafunguliwa kwa picha zisizo na rangi, na Bond anaua mtu chooni. Hakuna umaridadi wowote. Ni kugongana ukutani, maji, masinki, pumzi zinakata, na mtu anachukua muda mrefu kufa. Baadaye, akiwa amepoteza pesa mezani, mhudumu anamuuliza kinywaji chake kitikiswe au kikorogwe, swali ambalo Mabond waliomtangulia walikuwa na jibu lake kinywani tangu zamani. Huyu anajibu kwa hasira kwamba hata hajali. Pale ndipo ukumbi mzima unaelewa kwamba haigizi Connery, anaigiza Bond.

Dumbledore pia nimtaje, ingawa najua nitapingwa. Richard Harris alifariki Oktoba 2002 akiwa ameigiza filamu mbili za Harry Potter, na Michael Gambon akaanza na ya tatu, mwaka 2004. Harris alikuwa mpole, sauti yake ya kunong'ona. Gambon aliingia na nguvu, na hadi leo kuna mashabiki wasiomsamehe kwa jinsi anavyomkurupukia Harry katika filamu ya nne. Kwa tukio lile wana haki, kitabu kinasema aliuliza kwa utulivu. Hata hivyo, mwalimu mkuu anayeficha siri nzito na kumpeleka mtoto vitani alihitaji mtu mwenye hatari ndani yake, na Gambon alikuwa nayo. Angejaribu kunong'ona kama marehemu, tungekuwa tunamtazama mtu anayehani.

Kuna wahusika ambao nakubali hawarithiki kirahisi. Ni wale ambao kwenye karatasi walikuwa kitu kidogo sana na mwili wa mwigizaji ndio ulioumba kila kitu. Mzururaji wa Charlie Chaplin ni Chaplin mwenyewe, hapo hakuna mjadala. Inspekta Clouseau, yule polisi wa vichekesho wa filamu za Pink Panther, anamkaribia: Alan Arkin alijaribu mwaka 1968, Steve Martin akajaribu 2006, wote waigizaji wazuri sana, na wote wakaonekana wamevaa kofia ya Peter Sellers. Lakini lililonichukiza katika historia ya Clouseau halikuwa majaribio hayo. Sellers alifariki mwaka 1980, na mwaka 1982 ikatoka filamu iliyounganishwa kwa vipande alivyovipiga zamani vikaachwa. Mjane wake akaishitaki, akashinda. Kumpa Martin uhusika ulikuwa uamuzi mbaya tu. Kumfanyisha kazi marehemu lilikuwa jambo la aina nyingine.

Na aina hiyo ndiyo inayokua sasa. Kwa filamu ya pili ya Back to the Future, ya mwaka 1989, watayarishaji walishindwa kuelewana na Crispin Glover, aliyeigiza baba wa Marty, mhusika wa Fox. Wakamchukua mwigizaji mwingine, wakambandika usoni viungo bandia vilivyotokana na ukungu wa uso wa Glover, wakachanganya na picha za Glover halisi kutoka filamu ya kwanza. Glover akaenda mahakamani, kesi ikaishia kwa makubaliano. Wangempa yule mwigizaji mpya uhusika waziwazi, kwa sura yake, asingekuwepo wa kulalamika. Mwaka 2016, Peter Cushing, aliyefariki 1994, akaonekana tena katika Rogue One, filamu ya mfululizo wa Star Wars, kwa kazi ya kompyuta juu ya mwili wa mwigizaji mwingine, Guy Henry. Wasimamizi wa mirathi yake waliridhia, sawa. Ila nikimtazama, namwona Henry akifanya kazi yote na kunyimwa uso wake.

Miaka miwili baadaye, 2018, ikaja Solo, ya mfululizo huohuo, na Alden Ehrenreich akiwa Han Solo kijana, uhusika wa Harrison Ford. Filamu iligharimu zaidi ya dola milioni 250 na kuingiza chini ya milioni 400 duniani kote, hasara kubwa. Watu wakamnyooshea Ehrenreich kidole, ingawa waongozaji wa kwanza walifukuzwa katikati ya kazi na sehemu kubwa ya filamu ikarudiwa na Ron Howard. Kathleen Kennedy, wakati huo mkuu wa Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, aliliambia jarida la Vanity Fair mwaka 2022 kwamba sasa imedhihirika kuwa kubadilisha waigizaji hivyo haiwezekani. Kwa Luke Skywalker wakawa wameshachagua njia nyingine: uso wa ujana wa Mark Hamill, aliyemwigiza tangu mwanzo, ukatengenezwa kwa kompyuta, na hata sauti. Nimeutazama uso ule mara nyingi. Macho yanageuka, mdomo unafumbuka, na hakuna mtu anayeamua chochote mle ndani. Mwigizaji mpya angeweza kukosea, lakini angekosea kwa kufikiri.

Waigizaji wa Marekani waliliona hili. Mgomo wao wa 2023 ulidumu siku 118, na nakala za kidijitali za sura zao zilikuwa miongoni mwa mambo makubwa mezani. Mwaka uliofuata jimbo la California likapitisha sheria ya kuzuia matumizi ya nakala za waigizaji waliofariki bila idhini ya wenye haki zao. Ni hatua njema. Ila idhini ya warithi hainitoshi mimi kama mtazamaji, kwa sababu marehemu hawezi kuchagua jinsi ya kutamka sentensi.

Linaloniuma zaidi ni T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika katika filamu ya Black Panther. Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 43, na Marvel wakaamua mfalme wa Wakanda afe pamoja naye. Mwaka 2022 waliomboleza kwenye skrini mbele ya dunia nzima, na nilielewa. Jeraha lilikuwa bichi na wenzake walikuwa wanalia kweli. Lakini T'Challa amekuwepo kwenye vitabu vya katuni tangu 1966, na ni wachache mno wafalme Waafrika wa hadhi yake katika sinema kubwa za dunia. Boseman mwenyewe alipigania azungumze kwa lafudhi ya Kiafrika, si ya Kiingereza cha London, na lugha ya Wakanda ikawa Kixhosa. Hayo ni mambo yanayoweza kurithiwa. Filamu ya 2022 inaisha kwa kutuonyesha mtoto ambaye jina lake halisi ni T'Challa, kwa hiyo mlango haukufungwa. Natamani siku moja kijana asiyefanana na Boseman hata kidogo apewe uhusika huo, aseme Kixhosa kwa sauti yake, na waongozaji wasimwonyeshe hata picha moja ya jinsi mwenzake alivyosimama.