Karatasi ya Serikali Isiyo na Anwani

Mjomba wangu ana shamba la miwa magharibi mwa Kenya, na kwa miaka mingi amekuwa akingoja barabara. Hataki lami. Murram, yaani changarawe, itamtosha, bora trekta litoke na miwa hata mvua ikinyesha. Mwaka juzi aliambiwa matangani kwamba barabara hiyo "imeandikwa" kwenye mpango wa kaunti wa miaka mitano. Mzee hakubisha. Alitaka tu auone ukurasa wenyewe.

Alipanda boda mara tatu. Mara ya kwanza mpango ulikuwa kwa afisa fulani, na afisa alikuwa semina Naivasha. Mara ya pili sekretari alimuuliza anautakia nini, utadhani amekuja kuomba figo. Mara ya tatu akaambiwa arudi kesho. Hatimaye kijana mmoja alimtumia faili kwa WhatsApp: picha ya gavana, dibaji, shukrani, kisha kurasa zikakatika. Jedwali la miradi ya wadi, ambalo ndilo lililompandisha boda, halikuwemo.

Ofisi hiyo siitaji, maana hadithi hii wengi wenu mnayo, mmebadilisha jina la mji tu. Mimi nilikulia Nakuru, nikadurusu kwa mitihani kwenye maktaba ya mjini. Maktaba kwetu ilikuwa kiti penye mwanga na ukimya. Sikuwahi kumwomba mkutubi karatasi ya serikali, wala sikujua inaombwa.

Sasa naishi Minnesota, Marekani, nafanya kazi ya kutunza wazee. Siku moja nilitaka kusoma ripoti ambayo jimbo lilikuwa limeandika kuhusu kazi hii yetu, nikaelekezwa kwenye maktaba ya bunge la jimbo, Saint Paul. Maktaba hiyo ilianzishwa 1969, na raia yeyote anaingia. Hakuna aliyeniuliza naitakia nini. Mkutubi alitafuta kwenye katalogi, akapata jina la idara, mwaka na namba, nami nikasoma.

Kilichonishangaza si kompyuta. Sheria ya jimbo inasema idara, tume na hata kamati za muda zinapochapisha kitu, maktaba hiyo ipate nakala moja kwa moja, bila malipo. Memo za ndani na fomu zimeachwa nje. Tena kuna kifungu kinachodai ripoti inayopelekwa bungeni ionyeshe mwanzoni kabisa iligharimu pesa ngapi kuiandaa. Hebu fikiria kifungu hicho kikitua kwetu. Ningenunua popcorn.

Kazi yenyewe ya kuorodhesha ndiyo niliyoipenda zaidi. Ripoti ya serikali mara nyingi haina mwandishi wa kawaida. Kwenye katalogi mwandishi ni ofisi iliyoitoa: jimbo kwanza, kisha idara, kisha kitengo. Marekani walilichambua tatizo hili mapema. Mkutubi mmoja mwanamke, Adelaide Hasse, miaka ya 1890, alibuni mpango wa kuzipanga nyaraka za serikali ya shirikisho kwa kufuata ofisi iliyozitoa badala ya mada. Kilimo kikapata herufi A, Biashara C, na mpango huo unatumika hadi leo. Majimbo kadhaa yana mipango ya namna hiyo kwa nyaraka zao. Idara ikibadilishwa jina, katalogi inaunganisha la zamani na jipya, ili anayetafuta kwa jina la jana asipotee. Sisi ambao wizara zetu huunganishwa na kutenganishwa kila serikali mpya ikiingia, tunahitaji uzi huo kuliko wao.

Sisemi huku ni peponi. Tovuti za serikali hubadilishwa huku pia, na viungo vikafa. Tofauti ni kwamba wakutubi hupakua nakala na kuihifadhi kwao, hawaitegemei tovuti ya idara. Na kuna jambo ambalo nyumbani tunawashinda: mjomba humkuta mwakilishi wa wadi matangani na kumuuliza mbele ya watu. Mimi huku, mwakilishi wangu tukikutana dukani nitampita kama mgeni.

Wala tusijidanganye kwamba hatuwezi. Gazeti Rasmi la Serikali lipo tangu 1899, hutoka Ijumaa, na kila tangazo lina namba yake. Muulize yeyote Nakuru aliyewahi kupoteza hatimiliki ya shamba, atakueleza tangazo lake lilikuwa namba ngapi na siku 60 alizohesabu kabla ya kupewa nyingine. Kwenye ardhi tunajua thamani ya karatasi yenye namba.

Sheria za kaunti nazo, kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, hutakiwa kuchapishwa ndani ya siku 7 baada ya gavana kutia sahihi. Waraka wa mkakati wa bajeti unapaswa kufika bunge la kaunti kufikia Februari 28 kila mwaka, kisha utangazwe. Lakini kuchapisha ni siku moja, na mtu huhitaji karatasi miaka minne baadaye, mvua ikiwa imeshazuia trekta. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba kwenye orodha ya kazi za kaunti. Basi kaunti ijiandikie agizo la mistari miwili: kila mpango, kila bajeti, kila ripoti, nakala mbili ziende kwenye maktaba yake, na mkutubi azipe namba. Gharama yake haifikii ya semina moja ya Naivasha.

Mpango wa mjomba tuliupata baadaye, mzima. Barabara imo, kwenye jedwali, kwa jina lililokosewa herufi moja. Nilimtumia binamu pesa auchapishe nakala mbili, moja ya mzee, moja ya maktaba ya mji wa karibu. Mkutubi aliipokea vizuri, akaigeuza mbele na nyuma, akafungua daftari lake, kisha akamuuliza binamu: "Sasa hapa kwa mwandishi niandike nani?"