Soga Tuachieni, Swali la Pili Turudishieni

Kila unapozuka ubishi kuhusu redio hizi ndogo, zinazosikika mji mmoja na vitongoji vyake kisha basi, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema redio zimejaa porojo: dalili za kusalitiwa, nani kamwacha nani, mavazi, namna ya kumnasa mchumba. Linataka mambo ya maana. Kundi la pili linajibu kwamba maisha yenyewe yanachosha, watu wanataka kucheka wakielekea kazini, na asiyependa abadilishe masafa. Nimeusikiliza ubishi huu miaka mingi, na naona pande zote mbili zinagombania jambo lisilo lenyewe.

Nilipokuwa kijana niliajiriwa kupokea simu katika kituo kimoja kidogo. Simu ikiita napokea, nauliza jina na anakotoka mpigaji, naandika kwenye daftari, namwomba apunguze sauti ya redio yake isije ikaleta mwangwi, halafu namwonyesha mtangazaji kidole kupitia kioo kwamba mtu yuko tayari. Asubuhi moja mada ilikuwa hii: je, mke anapaswa kuujua mshahara wa mumewe? Simu zikafurika. Akapiga mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Alisema kwa miezi kadhaa aliamini mumewe anamficha fedha. Waligombana, akahama chumba, akawaita hadi wazee. Mwisho akagundua hakuna kilichofichwa. Kazini kwa mumewe walikuwa hawajalipwa, huo ukiwa mwezi wa nne, na wanaume wa zamu ile walikuwa wanaona aibu kusema nyumbani.

Mtangazaji akacheka. "Kumbe mama ulikuwa unamwonea bure mzee wa watu! Mwombe radhi leo leo." Wote tuliokuwa pale tukacheka. Wimbo ukapigwa. Simu iliyofuata ilikuwa ya kijana aliyesema wanawake siku zote wanapenda hela.

Nimeirudia simu ile kichwani mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichosikia katika kazi ile. Mada ilikuwa soga tupu, sikatai. Lakini mama yule alituletea mlangoni, kwa hiari yake, habari ambayo mwandishi angeweza kuihangaikia wiki nzima asiipate: zamu nzima ya wafanyakazi haijalipwa miezi minne, na wenyewe wananyamaza. Hakuna aliyemwuliza ni watu wangapi. Hakuna aliyeuliza mwajiri amewaambia nini, wala kama makato yao ya uzeeni yanapelekwa yanakostahili. Swali moja la nyongeza, swali la pili, lingefungua mlango wote. Namba yake ilikuwa kwenye daftari langu. Nilipomwuliza mtayarishaji kama tumpigie baada ya kipindi, akaniambia kesho kuna mada nyingine.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaotaka vipindi vya maisha vifutwe. Watu hawapigi simu redioni kusema wana suala la sera. Wanapiga kwa sababu ya mume, mtoto, mwenye nyumba, mguu unaouma usiku. Sera imo humo ndani. Anayelalamika kwamba mwenye nyumba kampandishia kodi bila taarifa anazungumzia sheria ya upangaji, hata kama neno sheria halijamtoka mdomoni. Anayesimulia jinsi mama mkwe alivyomlaumu kwa kuchelewa kumpeleka mtoto hospitali huenda anasimulia barabara isiyopitika. Redio ya karibu ina bahati ambayo gazeti kubwa la taifa halina: watu hawa wanaipigia wenyewe, kila siku, bila kubembelezwa.

Na tusijidanganye kwamba kile kipindi cha mambo mazito ndicho dawa. Mara nyingi ni saa nzima ya ofisa mmoja kuketi studio akisema mchakato unaendelea, wadau wanashirikishwa, fedha zipo katika hatua za mwisho. Mtangazaji anamwita mheshimiwa kila baada ya sentensi mbili. Simu za wasikilizaji zinafunguliwa dakika tano za mwisho, tatu zinapokewa, zinajumlishwa zote na kujibiwa kwa pamoja, halafu muda umetutupa mkono. Hapo uzito uko wapi? Mama wa ile simu ya mshahara alisema ukweli mwingi zaidi kwa dakika mbili.

Kuna na uzito wa aina nyingine, wa kupaza sauti. Marekani ilikuwa na kanuni tangu 1949 iliyovitaka vituo vishughulikie masuala yenye mabishano na kutoa nafasi kwa maoni yanayopingana. Ilifutwa 1987, na miaka iliyofuata redio ya mazungumzo kule ikanenepa kwa siasa za upande mmoja, mtu mmoja akihubiri saa tatu mfululizo na wapigaji wakichujwa ili wamkubalie au wamkasirishe vizuri. Mada zilikuwa nzito kweli: kodi, vita, uhamiaji. Kuulizana kukapungua.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Canada. Kuanzia 1941 hadi 1965 kulikuwa na kipindi cha redio cha wakulima kilichosikilizwa kwa makundi. Jumatatu jioni majirani walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao, wakasikiliza mada ya wiki, redio ikazimwa, wakaanza kujadili. Bila shaka walipiga soga pia. Utawaketishaje majirani pamoja usiku wa baridi wasiulizane habari za watoto? Lakini katibu wa kila kundi aliandika waliyokubaliana na waliyobishania, akayatuma kwa waandaaji, na majibu ya makundi yakarudi hewani. Wito wao ulikuwa soma, sikiliza, jadili, tenda. India iliujaribu mtindo huo katika vijiji vya eneo la Poona mwaka 1956 kwa msaada wa UNESCO. Kinachonigusa ni ule mzunguko: ulichosema wiki hii kitakurudia. Msikilizaji anajua neno lake halikuanguka chini.

Nao Waingereza, chakula kikiwa bado cha mgawo baada ya Vita Kuu ya Pili, waliwapelekea wakulima elimu ndani ya hadithi ya familia moja ya shambani. The Archers ilianza kusikika nchi nzima kupitia BBC Januari 1, 1951, wizara ya kilimo ikiwa karibu na waandaaji. Mapenzi, wivu na ugomvi wa mipaka vilibeba somo la mbegu na mifugo. Mchezo huo upo hewani hadi leo.

Sasa niseme upande wa giza, maana anayetetea soga lazima aukabili. Redio RTLM ya Rwanda ilipoanza kurusha matangazo Julai 1993, watu waliipenda kwa uchangamfu wake. Muziki mzuri, utani, lugha ya mtaani, wasikilizaji wakipiga simu, tofauti kabisa na redio ya taifa iliyosoma taarifa kwa sauti ya ofisi. Chuki ilipita kwenye uchangamfu huo huo. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Huwezi kuisoma habari hiyo kisha ukaendelea kusema kipindi cha utani ni cha utani tu, hakihitaji mhariri.

Hata bila kufika huko, soga isiyosimamiwa inaumiza watu kimya kimya, na hapa nina uchungu. Sikiliza vipindi vya afya na urembo. Mtu anayeitwa daktari au mtaalamu amelipia nusu saa. Anahojiwa kwa heshima zote na mtangazaji yule yule tuliyemzoea asubuhi, sauti ile ile tunayoiamini. Anasema dawa yake inasafisha damu, inashusha sukari, inarudisha nguvu, inafungua kizazi. Namba ya simu inatajwa mara sita. Hakuna aliyeuliza alisomea wapi, dawa imesajiliwa na nani, wala mgonjwa wa kisukari aendelee na dawa zake za hospitali au aziache. Msikilizaji wa nyumbani hajui kwamba ile ni nafasi iliyonunuliwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kwa kuwa kipindi kinahesabiwa kuwa cha maisha, si cha habari, mhariri wa habari hakigusi. Mwanasiasa akidanganya utamsikia mtu akimbishia. Huyu anadanganya juu ya figo za watu, na anashukuriwa kwa kufika.

Najua kwa nini vituo viko hivi. Kipindi cha soga kinataka watu wawili wenye midomo myepesi, simu na orodha ya nyimbo. Kuifuatilia habari ya mishahara kunataka mwandishi, nauli, siku kadhaa, mhariri asiyetetemeka, na mwanasheria wa kumpigia mambo yakichacha. Huenda huyo mwajiri ndiye anayedhamini saa ya asubuhi. Mamlaka za utangazaji zina leseni mkononi, na mwenye kituo analala akiiwaza. Hali hiyo naielewa na siidharau. Lakini swali la pili halina gharama. "Tangu lini?" "Mko wangapi?" "Mliambiwa nini?" Hayo ni maneno mawili mawili, yanaingia hata kabla ya wimbo.

Tena si lazima yote yaishie hewani. Mtu akianza kutaja jina la anayemtuhumu, mtangazaji mzuri humkatiza kwa upole, humwomba abaki kwenye laini, na habari inachukuliwa nje ya matangazo, upande wa pili utafutwe, vielelezo viangaliwe. Kumtuhumu mtu mbele ya mji mzima bila kumsikiliza si uandishi, na kunaweza kukifunga kituo. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye daftari ambaye kazi yake ni kuwarudia wapigaji wa asubuhi. Mtu mmoja tu. Nilikuwa naye karibu kabisa mtu huyo. Daftari nilikuwa nalo mimi.

Wakati mwingine redio ya karibu inageuka kuwa kitu pekee kilichobaki. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwishoni mwa Agosti 2005, kituo cha mazungumzo cha WWL kiliendelea kurusha matangazo, na watu waliozingirwa na maji wakawa wanakipigia simu. Watangazaji waliozoea kubishana na wasikilizaji kuhusu hili na lile wakawa wanamwuliza mtu yuko mtaa gani, maji yamefika wapi, yuko na watoto wangapi. Maswali ya pili, na ya tatu. Nadhani watu walikipigia kwa sababu tayari walikuwa na mazoea nacho. Huwezi kumpigia mgeni maji yakiwa kifuani. Mazoea hayo hujengwa na soga za miaka, na hapo ndipo ninapowashangaa wanaozidharau.

Minot, mji mdogo wa North Dakota, ulipata kinyume chake. Usiku wa Januari 18, 2002 treni ilianguka karibu na mji na kumwaga gesi ya amonia. Mtu mmoja alikufa, mamia wakaumia. Vituo sita vya redio vya kibiashara mjini vilikuwa chini ya kampuni moja, na wengi waliofungua redio usiku ule hawakulipata onyo walilolitafuta. Baadaye polisi na wenye redio walilaumiana kuhusu mitambo ya dharura, kila mmoja na maelezo yake. Mimi nawaza tu yule aliyekuwa gizani akizungusha kitufe cha redio, sauti za mji wake hazimo.

Nirudi kwa wasikilizaji wenzangu, maana na sisi tuna mkono katika hili. Kituoni kwetu mada za kesho zilichaguliwa kwa kuhesabu ujumbe wa leo. Meneja alikuja na karatasi yenye tarakimu: mada ya mshahara wa mume ilikuwa imeleta ujumbe mwingi kuliko mahojiano yote ya wiki, akasema basi wananchi wameamua. Wananchi hawakuwa wameamua kitu. Walijibu walichoulizwa. Ila tarakimu zile ndizo zilizokuwa na nguvu mezani, na anayesikiliza kimya, hata akiguswa kiasi gani, hahesabiwi.

Kwa hiyo nimejifunza kutuma ujumbe. Wiki iliyopita mtangazaji mmoja wa asubuhi, binti mcheshi ambaye kipindi chake ni mapenzi na mitindo mwanzo mwisho, alimaliza kucheka na mpigaji aliyekuwa analalamika kwamba mchumba wake hamsindikizi usiku, kisha akamwuliza, "Hebu dada, kwani hapo njiani kuna nini?" Dada akasema taa za barabarani hazijawaka tangu mvua za mwaka jana, na wasichana wawili wameshanyang'anywa mikoba. Mtangazaji akauliza ni kuanzia wapi mpaka wapi. Akauliza nani ameshaambiwa. Akasema ataipigia ofisi inayohusika.

Nikachukua simu nikaandika: "Nimesikia habari ya taa. Jumatatu tuambieni ofisi imejibu nini."