Mjomba na ng'ombe wa Levens Hall

Mjomba wangu analima machungwa Muheza, na ng'ombe wa jirani ndio waliompandisha presha. Alipokuja kunitembelea Uingereza, nikasema nimpeleke mahali pa miti apumzike: Levens Hall, Cumbria, jumba la mawe la enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Jumba halikumshughulisha. Nikamsimulia kwamba, kwa masimulizi ya huko, Kanali James Grahme alilipata kwenye kamari kwa ree ya kopa, ndiyo maana mabomba ya mvua yana kopa za rangi ya dhahabu. Akaguna. "Mali ya karata hiyo, mjomba. Tusikae sana."

Bustani ndiyo iliyomkamata. Ilianzishwa mwaka 1694 na Guillaume Beaumont, mtunza bustani wa Mfalme James wa Pili, na mpaka leo miti inakatwa iwe tausi, miavuli, kete za sataranji. Nilipomwambia kuikata yote huchukua miezi, akasikitika. "Na mimi michongoma yangu naimaliza kabla ya adhuhuri!"

Ghafla akakaza macho. Mbele yetu majani yalikwenda moja kwa moja mpaka malishoni, hakuna ua wala waya, na kundi la ng'ombe linakuja.

"Wanaingia! Watamaliza tausi!"

Akainua bakora akatimka. Mzee wa goti bovu, eti! Nikamwona anakimbia, nikaona bakora peke yake, kisha sikuona kitu. Nikamkimbilia, na ardhi ikanikwisha miguuni.

Tulikuwa ndani ya ha-ha, handaki alilolichimba Beaumont, miongoni mwa ya kwanza kabisa Uingereza. Upande wa jumba ni ukuta wima; upande wa malisho ni mteremko mwororo. Bwana mkubwa akikaa dirishani haoni ua, na mifugo haiwezi kupanda. Sisi, basi, tulihesabika mifugo: nyuma ukuta, mbele njia nyepesi kabisa ya kutoka, nayo imejaa ng'ombe. Mmoja alishuka taratibu, akaanza kulamba kofia ya mjomba.

Mtunza bustani akachungulia juu, akauliza kwa adabu kama tumeumia. Nikataka kuomba ngazi. Mjomba akanishika mkono.

"Ngazi baadaye. Mwulize kwanza, huu ukuta una futi ngapi kwenda chini?"