Zoloto iliyookolewa lakini haifanyi kazi

Mgonjwa wa saratani ya koo akiambiwa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, itolewe yote, swali lake huwa moja: haiwezi kuokolewa? Mara nyingi inaweza. Kazi ni kujua itaokolewa ikiwa katika hali gani.

Uvimbe mdogo ulioishia kwenye utepe wa sauti hausumbui sana. Leza ikipitishwa mdomoni huukata bila kupasua shingo, na uponaji wake hukaribiana na wa mionzi. Leza ina faida ya kuiacha mionzi iwe akiba ugonjwa ukirudi. Lakini taya lisipofunguka vizuri, daktari hauoni uvimbe wote, na asichokiona hawezi kukikata.

Ubishi upo kwenye saratani iliyokomaa. Utafiti wa hospitali za maveterani Marekani, uliotolewa mwaka 1991, ulilinganisha upasuaji na dawa za kemo zikifuatiwa na mionzi. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai walikuwa 68% pande zote mbili, na 64% ya waliopewa dawa walibaki na zoloto. Wanaotetea kuihifadhi hunukuu takwimu hiyo, nao wana haki. Ila kwa uvimbe wa daraja la T4, yaani uliotoboa gegedu ya zoloto au kutoka nje yake, zaidi ya nusu walilazimika kukatwa zoloto baadaye, na kukata nyama iliyokwisha kupigwa mionzi ni shughuli nzito: damu haifiki vizuri, mshono unaachia, mate yanavujia shingoni. Ndiyo maana wapasuaji wengi hufunika mshono huo kwa msuli wa kifuani.

Tena zoloto inaweza kubaki ikiwa imekakamaa kwa makovu, chakula kikaingia mapafuni na mgonjwa akalishwa kwa mpira. Aliyeondolewa yote hupumua kwa tundu la shingoni na hunusa kwa shida, lakini hapaliwi, maana njia ya hewa na ya chakula zimetenganishwa. Sauti hupatikana kwa valvu ndogo kati ya bomba la hewa na umio: anaziba tundu, pumzi inapita kwenye valvu, umio unatetemeka. Valvu hushambuliwa na fangasi na kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Ikivuja, anywe maji yenye rangi ionekane kama yanapita katikati yake au pembeni.

Kwangu, uvimbe ukiwa umetoboa gegedu ya zoloto, na mgonjwa tayari anapaliwa, kukata kwanza ndiko sahihi. Kipimo cha kumeza kifanywe kabla ya uamuzi. Picha ya CT peke yake haionyeshi kupaliwa.