Sindano haiwezi kufanya kazi ya maji na sabuni

Juzi barzani mzee mmoja ninayemheshimu alikuwa akiwasifia madaktari waliomfanyia operesheni ya ngiri. Sifa yenyewe ilikuwa hii: "Wamenipiga sindano kali asubuhi na jioni mpaka siku natoka, na vidonge vya kumalizia nyumbani wakanipa." Sote tukaitikia alhamdulillahi. Nami niliitikia, maana mzee kapona na hilo ndilo kubwa. Lakini niliondoka pale nimekasirika, na hasira hazijanitoka mpaka leo.

Sina ugomvi na mzee. Ugomvi wangu ni na mazoea yaliyotufanya tuamini kuwa hospitali nzuri ni ile inayotoa antibiotiki nyingi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya operesheni mwaka 2016, na jambo hili limeelezwa wazi: dawa ya kinga hutolewa kabla kisu hakijagusa ngozi, ndani ya dakika 120, na operesheni ikimalizika haiendelezwi kwa ajili ya kinga. Sindano za siku zote zile baada ya mshono hazimwongezei mgonjwa kinga. Zinawazoesha dawa vijidudu vya wadi ile, na atakayelala kitanda kile baadaye ndiye atakayevikuta.

Basi kwa nini zinatolewa? Nimewauliza watu wanaofanya kazi humo. Wanazunguka, wanataja hili na lile, lakini mwisho wanafika pamoja: hawaiamini wadi yao. Wanajua mfereji hautoi maji, wanajua glavu zimepungua, wanajua shuka zimechelewa kufuliwa. Kwa hiyo dawa inapewa kazi iliyokuwa ya maji na sabuni, na kazi hiyo haiwezi.

Binti wa dada yangu alijifungua kwa operesheni katika hospitali moja ya hapa Unguja. Mtoto mzima, mama mzima, tukapiga vigelegele. Aliporudi nyumbani mshono ukaanza kutoa maji, kisha usaha, kisha ukaachia upande mmoja. Kabla hatujamrudisha hospitali kesi ilikuwa imeshahukumiwa jikoni. "Umekula nini, mwanangu?" "Kala pweza huyo." "Dagaa, mimi nilijua tu." Mwenyewe kalala, anatetemeka kwa homa, anaapa hajala chochote alichokatazwa. Huko hospitali nako akaambiwa damu yake haina nguvu. Ikawa kosa ni lake, nyumbani na wadini. Hakuna aliyeuliza nani alimfungua bandeji, na mikono ile ilikuwa imetoka kitanda gani.

Nilikuwepo siku moja alipobadilishwa bandeji, na hadi leo naliona lile. Nesi alikuja na glavu alizozivaa tangu kitanda cha mlangoni. Alimfungua kidonda mzazi wa kwanza, akaandika kwenye faili, akasukuma toroli, akavuta pazia, akamshika wa pili, kisha akafika kwetu na glavu zile zile. Alikuwa mpole, kila mzazi anamwita dada na kumwomba radhi kwa maumivu, na alikuwa peke yake kwa wadi nzima. Simlaumu nafsi yake. Lakini glavu humkinga aliyeivaa. Mgonjwa wa tatu anapata kila kilichokuwa kwa wawili waliotangulia. Sinki lilikuwepo ukutani. Nilifungua mfereji, ukatoa hewa tu. Juu yake pamebandikwa picha za hatua za kunawa mikono, na chini pana ndoo ya koki, ile ya wakati wa korona, imetiwa tambara la kupigia deki.

Ndoo zile sisi tunazijua. Kikiingia kipindupindu zinatoka. Mwaka 2020 zilikuwa kila mlango, kuanzia maskulini mpaka misikitini, na watu wazima walikuwa wakikemewa na watoto wao wakipita bila kunawa. Tuliweza. Kisha hofu ikaondoka, na maji yakaondoka nayo. Maambukizi ya hospitalini hayana tangazo la redio wala gari la matangazo mitaani. Anakufa mmoja wiki hii, mwengine mwezi ujao, na kila mmoja anazikwa na maradhi yaliyompeleka hospitali, si yale aliyoyakuta huko. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema katika nchi za kipato cha chini na cha kati, katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 hupata maambukizi wakiwa humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Na katika kila kumi wanaoyapata, mmoja hufariki.

Asije mtu akaniambia kuwa haya yanataka teknolojia. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi wanaozalishwa na madaktari na wanafunzi wao wanakufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko wanaozalishwa na wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti wanakwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili walikuwa wakifa kiasi cha wazazi 18 katika kila 100. Ilipofika Juni ni kiasi cha 2. Penisilini ilikuwa haijulikani, Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928. Wanawake wale waliokolewa na beseni.

Na sisi ni watu wa udhu. Mtu wa Pemba au Unguja hahitaji kusomeshwa kuwa mikono huoshwa kabla ya jambo kubwa, na kuosha kwenyewe kuna mpango wake. Kumgusa mwenye kidonda kibichi ni jambo kubwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mfereji hautengenezwi na nesi na wala na daktari. Nakubali pia kuwa mgonjwa aliyeingiliwa na sumu ya bakteria kwenye damu hawezi kungojea majibu ya maabara. Huyo apewe dawa haraka. Lakini damu yake ichukuliwe kwanza ikaoteshwe, ili kesho daktari ajue anapigana na nini. Kuotesha vimelea si jambo geni kwetu, maabara ya Ivo de Carneri ipo Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000.

Kinachonitisha zaidi ni seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Imekuwa dawa ya kila kitu: homa, tumbo, mshono, mtoto analia. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki mafungu matatu, na hii imo katika fungu la kutumiwa kwa hadhari. Wapo bakteria, Klebsiella mmojawapo, waliojifunza kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja kabla haijawadhuru, na kila tunapoimwaga ovyo tunawaua wenzao dhaifu na kuwaachia wao nafasi. Bakteria hao wakiingia wadi ya watoto wachanga, kupitia kanula, kile kimpira cha kutilia dawa mshipani, iliyokaa mpaka mkono ukavimba au mikono ya mtu aliyetoka kubadilisha nepi, daktari anabaki na dawa chache mno, na zile zilizobaki bei yake familia nyingi haziiwezi.

Maduka ya dawa yanayouza antibiotiki kama peremende nayo yana lake, ila hilo linahitaji siku yake. Nasi tunaokwenda kukagua wagonjwa, tusikalie vitanda vyao.

Maji yakiwa hayapo, kipo kitakasa mikono. Fomula ya Shirika la Afya Duniani inachanganywa katika famasia ya hospitali yenyewe: spiriti, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa. Wanaosita kwa ajili ya spiriti, kwa kuwa ni alkoholi, wajue kuwa Baraza la Fiqhi la Rabita, jumuiya ya Waislamu wa ulimwengu, lilipokutana Makka mwaka 2002 liliruhusu itumike kusafishia vidonda na kuulia vijidudu.

Na matumizi ya kitakasa hicho yanapimika. Kiwango kinachotajwa ni angalau lita 20 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa, yaani mgonjwa mmoja akilazwa siku moja inahesabiwa moja. Wadi yenye wagonjwa 50 inafika hapo kwa siku 20, yaani inatakiwa imalize dumu moja la lita ishirini. Wawakilishi wetu wakikaa Chukwani kujadili bajeti ya Wizara ya Afya, huuliza majengo na mashine. Naomba mmoja wao asimame aulize wadi ya wazazi ya kila hospitali, Unguja na Pemba, imemaliza madumu mangapi mwaka huu, na seftriaksoni chupa ngapi. Majibu yasomwe yote mawili pamoja, kwa jina la hospitali.