Asilimia 25 ya Nini?

Ukiita gari kwa programu ya simu kama Uber au Bolt hapa Dar es Salaam, mara nyingi dereva atakupigia kabla hajaondoka alipo. "Dada habari, unaelekea wapi? Kwako imeandika shilingi ngapi? Unalipa keshi?" Maswali haya yalikuwa yananikera. Ninakokwenda nimeshaandika, bei nimeshaiona, sasa ananihoji nini? Nakatisha safari, naita mwingine.

Mwezi uliopita natoka Sinza kwenda Posta, dereva akaingia kituo cha mafuta. Hakujaza. Alisimama pembeni, akatoa simu ya pili, akalipa deni analodaiwa na kampuni kwa pesa ya simu. "Samahani dada, nisipolipa sasa hivi, nikikushusha tu wananifungia." Ndipo nikaelewa. Abiria akilipa keshi, kamisheni, yaani fungu la kampuni kwenye nauli, inaandikwa kama deni la dereva. Deni likikua, simu inanyamaza, hapati abiria mpaka alipe.

Foleni ilikuwa ndefu, tukapiga hesabu. Nauli yangu 10,000. Kamisheni ya asilimia 25 ni 2,500. Mafuta, ukijumlisha na aliyochoma kunifuata, alikadiria 3,500. Anabaki na 4,000. Gari si lake, kila siku anapeleka kwa tajiri hesabu ya 30,000. Kwa safari kama yangu, ya nane ndiyo inayoanza kumpa chochote cha kupeleka nyumbani. Na hapo pancha haijatokea.

Kwa hiyo tunapobishana kama asilimia 25 ni nyingi au ni sawa, nauliza kwanza: ya nini? Inakatwa kwenye nauli nzima, kana kwamba gari linatembea kwa maji. Ondoa mafuta kwanza, ile 2,500 inakuwa karibu asilimia 38 ya kilichobaki. Mafuta yakipanda, dereva anaumia peke yake. Kampuni inachukua 2,500 ile ile. Na bei ya safari anayeipanga si dereva, ni kampuni. Ikishusha nauli ili kuvuta abiria, fungu lake linapungua kidogo, lakini lita ya petroli haishuki hata shilingi.

Udalali tunaujua siku zote. Dalali wa nyumba anachukua kodi ya mwezi mmoja, inauma, lakini ukishahamia mmemalizana. Hakuna dalali anayerudi kila mwezi kudai robo ya kodi, tena akimpangia mwenye nyumba bei ya chumba.

Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, iliagiza kamisheni isizidi asilimia 15. Mwaka ule ule petroli Dar ilipita shilingi 3,000 kwa lita, kwa hiyo agizo lilikuja wakati wake hasa. Aprili, Uber ikasimamisha huduma nchini. Bolt nayo baadaye ikabakiza wateja wa makampuni. Kabla mwaka haujaisha ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, pamoja na ada ya kuweka safari ya asilimia 3.5, na Januari 2023 Uber ikarudi. Kwangu mimi tulilegea mapema mno. Wakenya, kwa kanuni zao za mwaka huo huo wa 2022, waliweka ukomo wa asilimia 18.

Sisemi kampuni hizi hazifanyi kazi. Mdogo wangu akitoka zamu usiku, naliona gari lake kwenye ramani mpaka anafika getini, na hilo kwangu lina thamani kubwa. Ndiyo maana dereva akiniomba tuzime programu anipeleke kwa bei ile ile, nakataa, ingawa sasa najua anachokimbia. Wanastahili malipo. Ninachokataa ni malipo yasiyojali kama aliyeshika usukani amebaki na kitu.

LATRA wairudie hesabu hii kwa kuanzia na lita ya mafuta, si na nauli. Na risiti inayokuja kwenye simu yangu baada ya safari inionyeshe mafungu mawili: hiki cha dereva, hiki cha kampuni. Siku ile nilipofika Posta risiti iliandika 10,000 tu. Nilimpa dereva 12,000, akaanza kutafuta chenji.